Magurudumu Mawili Buha: Historia ya Amri za Barabarani Kasulu na Kibondo

Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, iliishia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na nchi ya Waha ikabaki juu milimani bila gurudumu. Kutoka stesheni ya Kigoma hadi Kasulu ni takriban kilomita 95 za kupanda na kushuka. Kutoka Kasulu hadi Kibondo ni zaidi ya kilomita 100 nyingine, kupitia Makere na Busunzu, katika udongo mwekundu ambao kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi. Chumvi ya Uvinza, majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Buha, mbuzi na maharage, vyote vilipita huko kwa miguu na vichwani mwa watu. Wajerumani hawakukaa muda wa kutosha kubadili hali hiyo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma, na walipoikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921 njia za Buha zilikuwa bado ni zile zile walizozijua babu za wenyeji.

Wakati huo baiskeli ilikuwa imeshatimiza zaidi ya miaka thelathini duniani. John Kemp Starley aliuza baiskeli yake ya Rover huko Uingereza mwaka 1885, ya kwanza kufanana na hii tunayoijua leo: magurudumu mawili yaliyolingana, mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hati ya tairi la kujazwa upepo. Tairi hilo lilihitaji mpira, na sehemu ya mpira huo ilitoka ng'ambo ya pili ya ziwa, katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, ambako wanakijiji walilazimishwa kugema utomvu msituni chini ya mtutu wa bunduki. Starehe ya waendesha baiskeli wa Ulaya ililipiwa kwa damu ya Wakongo, na mtu yeyote anayesimulia historia ya chombo hiki katika ukanda wa Ziwa Tanganyika anapaswa kulitaja jambo hilo kabla ya kuendelea.

Mwaka huo huo wa 1888 Bunge la Uingereza lilitamka kwamba baiskeli ni gari mbele ya sheria, na likamwamuru mwendeshaji awashe taa usiku na apige kengele anapotaka kumpita mtu. Huo ndio urithi tulioupokea. Waingereza walikuja Tanganyika na wazo kwamba baiskeli ni chombo cha barabarani chenye wajibu wake: ikae kushoto, iwe na breki, iwe na kengele, iwe na taa gizani. Wazo lenyewe halina ubaya. Shida ya Buha ilikuwa kwamba wajibu ulitangulia na barabara ikachelewa.

Barabara za kwanza za magari katika wilaya ya Kasulu na ya Kibondo zilichongwa kwa jembe na mikono. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watawala wa jadi uwezo wa kutoa amri kwa watu wao, na kati ya amri zilizotumika sana ilikuwa ile ya kutoka kwenda kusafisha njia. Katika himaya za Waha za Heru, Muhambwe na Buyungu watu waliitwa kulima barabara ambayo wengi wao hawakuwa na chombo cha kupitisha juu yake. Waliopita na magurudumu mawili walikuwa mapadri na wachungaji, makarani wa boma, walimu na matarishi wa serikali. Kwa mwananchi wa kawaida baiskeli ilikuwa alama ya cheo cha mtu mwingine.

Aliyeishusha baiskeli kutoka kwenye cheo na kuiingiza katika uchumi wa kaya ni manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge. Utawala wa Kiingereza uliitazama Buha kama hazina ya vibarua. Mazao ya biashara hayakuhimizwa kwa nguvu huko, kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na malale yalikuwa yamewahamisha maelfu ya watu wa Kibondo kutoka vijiji vyao na kuwakusanya katika makazi mapya miaka ya 1930. Kijana wa Kiha aliyetaka fedha alikwenda mkonge: Tanga, Korogwe, Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyowachukua vijana hao kwa makundi na kuwasafirisha kwa treni. Miaka miwili au mitatu baadaye walirudi na blanketi, mashine ya kushona kwa wachache, na kwa waliobana matumizi kweli kweli, baiskeli. Raleigh ya Nottingham ndiyo iliyotukuzwa zaidi. Iliteremshwa stesheni Kigoma, kisha mwenyewe akaisukuma mlimani hadi kwao, maana kwa sehemu kubwa ya safari ile hakuna aliyeweza kuipanda.

Nalisema hili la kusukuma kwa makusudi. Watu wa tambarare, wa Tabora au Shinyanga, waliijua baiskeli kama kitu cha kukalia. Mtu wa milima ya Kigoma aliijua kwanza kama kitu cha kusukuma, chenye mkungu wa ndizi upande huu na gunia la maharage upande ule, na dumu la mawese limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mtelemkoni aliipanda, mlimani alishuka. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya mtu aliyekaa juu ya kiti haikumfikiria mtu huyu, na hadi leo haijamfikiria. Anayesukuma mzigo wa kilo 100 kando ya barabara yuko upande gani wa sheria? Si mtembea kwa miguu, si mwendeshaji. Madereva wa malori humwona kama kizuizi tu.

Baiskeli zilipoongezeka, zikaanza kulipishwa. Leseni ya baiskeli ilikuwa chanzo cha mapato cha serikali za mitaa kabla ya Uhuru na baada yake. Mwenye baiskeli alilipa ada, akapewa kibati cha kuthibitisha, na asiye nacho akikutwa sokoni au njiani aliweza kunyang'anywa chombo hadi alipe. Katika Heru kipindi hiki kiliangukia ndani ya utawala wa Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyeshika kiti hicho mwaka 1946 na baadaye kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mmoja wa wanawake wachache waliofika hapo. Hazina za wenyeji za wakati wake ziliendesha mambo mengi kwa fedha kidogo, na ada ndogo ndogo zilikuwa sehemu ya namna ya kuishi. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu, mabaraza ya wilaya yakarithi madaftari yao, na ada zikaendelea.

Kisha ukaja mwaka 1972, na huo nauona kuwa mwaka mkubwa kuliko yote katika historia ya usafiri wa nchi hii. Mambo mawili yalitokea kwa pamoja. La kwanza ni Operesheni Kigoma, moja ya operesheni za mwanzo za kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Familia zilizokuwa zimetawanyika juu ya vilima, kila moja na migomba yake kuizunguka nyumba, ziliteremshwa hadi kando ya barabara. La pili ni madaraka mikoani: halmashauri za wilaya zilivunjwa, na maamuzi yakahamia kwa maofisa waliopangwa na serikali kuu mkoani na wilayani. Kwa hiyo katika mwaka uleule mwananchi wa Kasulu alisogezwa karibu na barabara, na chombo chake cha kuamua mambo ya barabara hiyo kikaondolewa.

Kusogezwa huko kulibadilisha kazi ya baiskeli. Nyumba ilikuwa barabarani sasa, lakini shamba zuri lilibaki kule kule kwenye mahame. Umbali uliokuwa wa hatua chache ukawa wa kilomita kadhaa, asubuhi na jioni, na mazao ya kurudi nayo. Wanawake walibeba kichwani kama zamani. Mwanamume mwenye baiskeli akawa mtu wa kuombwa na jirani, na mgonjwa aliyehitaji kufika zahanati alifungwa vizuri kwenye keria huku mmoja akisukuma na mwingine akimshikilia. Baiskeli moja ilihudumia nyumba nyingi. Hakuna halmashauri iliyopanga utaratibu huo, wala hakuna ada iliyotozwa.

Mwaka 1973 Bunge likapitisha Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo inayotuongoza hadi leo, na Sheria ya Leseni za Usafirishaji, iliyosimamia biashara ya kubeba abiria na mizigo. Sheria ya kwanza iliitaja baiskeli. Ya pili haikuwa na nafasi kwa mtu wa magurudumu mawili anayemchukua abiria kwa malipo. Pengo hilo lilidumu zaidi ya miaka 35.

Ndani ya pengo hilo taifa lilijitengenezea baiskeli yake. Kampuni ya umma ya NABICO ilizalisha Swala jijini Dar es Salaam, na watu wa umri fulani wanaitaja hadi leo kwa mapenzi. Ila haikutosha nchi nzima. Mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, fedha za kigeni zilipokauka, tairi na tyubu zilipatikana kwa mgawo kupitia kampuni za biashara za mikoa, na aliyekuwa mbali na Kigoma mjini alikuwa mbali na mgawo. Mipaka ya Manyovu na Mabamba ilikuwa karibu zaidi kuliko bohari lolote la serikali, na biashara na Burundi haikuwahi kukatika hata ilipoitwa magendo. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa, Phoenix za China na Hero za India zikaanza kupanda mlima hadi Kasulu na Kibondo, na kwa mara ya kwanza baiskeli ikawa kitu ambacho mkulima wa maharage angeweza kukipangia msimu mmoja au miwili.

Hapo ndipo ilipostawi baiskeli ya kukodi, na hapa ningependa msomaji atulie nami kidogo. Miji ya Ulaya na Marekani inazungumza leo kuhusu baiskeli za kushirikiana kana kwamba ni uvumbuzi wa simu ya mkononi. Katika miji midogo ya Tanzania jambo hilo lilikuwepo miongo mingi kabla. Fundi baiskeli aliye na banda karibu na soko alikuwa na baiskeli tatu, nne, tano, amezipanga mbele ya banda lake. Ulilipa kwa saa. Kama hujulikani uliacha rehani au ulikuja na mtu wa kukudhamini. Ukipata pancha gharama ni yako, ukichelewa unaongeza. Baiskeli inakaguliwa breki mbele ya macho yako kabla hujaondoka, ili baadaye usiseme uliipokea mbovu. Mtoto mfupi asiyefikia kiti alipewa ile ndogo, au alipitisha mguu chini ya mtalimbo na kuendesha kwa upande, na fundi alimwambia asitoke nje ya uwanja. Vizazi vizima vilijifunza kuendesha kwa njia hiyo.

Tazama kanuni hizo: muda, dhamana, ukaguzi, mipaka ya eneo, nani anabeba hasara. Ndizo zilezile zinazojadiliwa katika mabaraza ya miji mikubwa ya dunia kuhusu skuta za umeme zinazotelekezwa njiani. Wakazi wa Paris walipoitwa kupiga kura Aprili 2023 juu ya skuta za kukodi, karibu asilimia 89 ya waliojitokeza walizikataa, ingawa waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya wapiga kura, na mwisho wa Agosti mwaka huo skuta hizo ziliondolewa mitaani. Kampuni ziliweka maelfu ya vyombo mjini bila mtu wa kusimama mbele ya banda. Fundi wa sokoni Kasulu asingeweza kufanya hivyo, maana anamjua mama wa mkodishwaji.

Halmashauri zilirudi mwaka 1984 kwa nguvu ya sheria zilizotungwa mwaka 1982, zikiwa na uwezo wa kutunga sheria ndogo na kukusanya mapato. Leseni ya baiskeli ikawa tena sehemu ya kero za soko. Hapa lazima niseme ninavyoona: kwa miaka yote hiyo, ada ya baiskeli haikumrudishia mwendeshaji kitu alichoweza kukionyesha kwa kidole. Haikujenga mahali pa kuegesha sokoni. Haikupanua bega la barabara. Haikuweka alama mbele ya shule. Mkulima alipolipa alikuwa amenunua haki ya kutosumbuliwa hadi mwaka ujao. Mwaka 2003 serikali ilipofuta kodi ya maendeleo pamoja na msururu wa tozo zilizoitwa kodi za kero, vijijini watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini tozo ilipoondoka, na daftari nalo likaondoka. Halmashauri ambayo zamani ilijua walau idadi ya baiskeli zake haikujua tena, na kitu kisichohesabiwa hakipangiwi bajeti.

Kwa miaka ileile Kasulu na Kibondo zilikuwa zimebeba mzigo ambao wilaya chache za Afrika zimewahi kuubeba. Wakimbizi wa Burundi walikuja mwaka 1972 na tena mwaka 1993, Wakongo wakafuata mwaka 1996, na kambi zikafunguka: Mtabila na Muyovosi, Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Nyarugusu. Sheria ya Wakimbizi ilitungwa mwaka 1998, na kwa utaratibu uliotumika mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Kilomita 4 ni mwendo wa dakika chache kwa baiskeli. Amri hiyo haikuandikwa kwa ajili ya magurudumu, lakini hakuna amri nyingine iliyoamua zaidi nani aendeshe wapi katika nchi hii. Wenyeji wa Makere walisukuma ndizi, mkaa na mihogo kuelekea masoko ya kambi, wakarudi na mafuta ya kula na unga. Magari meupe ya mashirika yaliwapita kwa kasi na kuwaachia vumbi. Wimbi jipya la Warundi lilipokuja mwaka 2015, Nduta na Mtendeli zilifunguliwa upya, na Nyarugusu ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Miaka michache baadaye masharti yalikazwa: masoko ya pamoja yalifungwa, na matumizi ya baiskeli na pikipiki kwa wakimbizi yakabanwa. Mwenyeji aliyekuwa amekopa mtaji wa soko la kambi kwa kutegemea baiskeli yake aliumia pamoja na mkimbizi.

Pikipiki iliingia katikati ya hayo yote. Kazi ya kubeba abiria kwa baiskeli ilianzia mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960, na hapa kwetu iliota mizizi kwenye tambarare za Kahama, Shinyanga na Tabora. Milima ya Buha haikuipenda. Abiria gani angelipa ili ashuke kila kilima? Lakini pikipiki ya SanLG ya Kichina, iliyopatikana kwa bei ambayo mwalimu au mfanyabiashara mdogo angeweza kuimudu, haikujali kilima. Kufikia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii bodaboda zilikuwa zimetapakaa kutoka Kasulu mjini hadi vijiji vya mpakani. Mjamzito wa Kitanga au Mvugwe, aliyekuwa akibebwa kwa machela, sasa alifika hospitali usiku huohuo. Jambo hilo nalipa uzito kuliko takwimu yoyote ya mapato.

Sheria ilibidi imkimbilie mtu aliyeshaondoka. Mwaka 2009 Sheria ya Leseni za Usafirishaji ilirekebishwa ili kuitambua pikipiki na bajaji kama vyombo vya kubeba abiria, na mwaka 2010 zikatoka kanuni zake chini ya SUMATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri. Zilikuwa kanuni za maana: abiria mmoja tu, kofia ngumu mbili, moja ya dereva na moja ya abiria, koti lenye kuakisi mwanga, na marufuku kumpakia mtoto wa chini ya miaka 9. Kazi ya kutoa leseni ikakasimiwa kwa halmashauri, na kwa mara nyingine tena Kasulu na Kibondo zikawa na stakabadhi za kukata kwa niaba ya makao makuu. Mwaka 2019 LATRA ilichukua nafasi ya SUMATRA. Kasulu tayari ilikuwa na halmashauri ya mji mbali na ile ya wilaya, na mwaka 2012 Kakonko ilikuwa imemegwa kutoka Kibondo na Buhigwe kutoka Kasulu. Ofisi ziliongezeka, barabara ni ileile.

Kanuni ya abiria mmoja ndiyo iliyopigwa chenga kuliko zote. Mishikaki, watu wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja, ilitokana na hesabu. Madereva wengi si wenye chombo. Wanakichukua kwa mwenye mali na kumpelekea hesabu ya siku, au wanakichukua kwa mkataba, wakilipa kidogo kidogo hadi kiwe chao baada ya mwaka au zaidi. Hesabu haisubiri mvua iishe wala haijui siku ya gulio na siku isiyo ya gulio. Ukiongeza abiria wa tatu kwenye safari ya Heru Juu umepunguza pengo la jioni. Kumfundisha dereva huyo hatari ya mishikaki bila kugusa mkataba wake na tajiri ni kumfundisha jambo analolijua tayari. Kanuni za 2010 ziligusa kofia na koti, na hesabu ikaachwa kati ya dereva na mwenye pikipiki.

Mwaka 2021 bajeti ya serikali, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba, ilishusha faini za pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Nauona uamuzi huo kuwa miongoni mwa michache katika historia nzima ninayoisimulia ambapo aliyeandika amri alitazama mfuko wa anayeamriwa. Faini ya elfu thelathini ilikuwa inazidi kipato cha siku cha madereva wengi wa wilayani. Dereva aliyekamatwa alikimbia, akakimbizwa, na kukimbizana ndiko kulikoua watu ambao kosa lao lilikuwa taa ya nyuma.

Majirani nao walikuwa wanapima njia zao. Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, Machi 2022 iliondoa baiskeli za abiria, pikipiki na bajaji katika eneo la katikati ya mji, na maelfu ya watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini kwa sababu mabasi hayakutosha. Kigali ilichukua njia tofauti. Huko pikipiki za umeme zinazobadilishiwa betri zilianza kufanya kazi mwaka 2019, na mwaka 2021 baiskeli za umma za kukodi, zilizo chini ya kampuni ya GuraRide, ziliwekwa kwenye vituo maalumu, chukua hapa na urudishe pale. Kilichonivutia kwa Kigali ni mpangilio: kwanza njia za kando ya barabara zilichorwa na vituo vikajengwa, ndipo baiskeli zikaletwa. Bujumbura ilianza na katazo.

Na sasa zamu ya Buha imefika. Lami ambayo wazazi wetu waliisikia kwenye hotuba za kampeni tangu utoto wao imewafikia wajukuu wao. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu, kipande cha Nyakanazi hadi Kabingo, na ule mradi mkubwa wa kilomita 260 wa Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia fedha mwaka 2018. Mwaka 2022 gridi ya taifa ikafika, na jenereta za dizeli zilizokuwa zikiunguruma miaka nenda rudi zikazimwa. Mkoa wa Kigoma ulihesabiwa mwaka huo kuwa na watu zaidi ya milioni 2.4. Umeme na lami vikikutana mahali penye watu wengi hivyo, pikipiki na baiskeli za umeme zitafika. Zitafika kwa mfanyabiashara mmoja kwanza, kama Raleigh na SanLG zilivyofika, kabla mtu yeyote hajaandika kanuni.

Lakini kabla ya umeme kuna kasi. Barabara ya udongo ilikuwa na adhabu zake, na miongoni mwa hizo ilikuwa kulazimisha lori lipunguze mwendo. Lami imeondoa kizuizi hicho. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi, na makazi ya Kasulu na Kibondo, kwa sababu ya 1972, yako yote barabarani: shule, zahanati, magulio, misikiti na makanisa. Watoto wanavuka, akina mama wamebeba kuni, na yule mwanamume bado anasukuma ndizi zake. Vijiji ambavyo serikali iliviteremsha hadi kando ya njia vina haki ya kulindwa na serikali kutokana na njia hiyo.

Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Kasulu Mji, Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe wasisubiri waraka kutoka Dodoma. Sheria za 1982 zinawapa uwezo wa kutunga sheria ndogo, na hawahitaji kibali kingine cha kuanza kuzijadili. Waanze na bega la barabara: lisiegeshwe malori, lisianikwe mahindi, liachwe kwa anayesukuma na anayeendesha baiskeli. Wapange maegesho ya baiskeli na vituo vya bodaboda katika kila gulio, vyenye kivuli na bango, vijengwe kwa fedha za leseni zenyewe ili mlipaji azione. Waitake mikataba ya hesabu iandikwe na isajiliwe kwenye kata, pawepo na siku ya mapumziko isiyodaiwa. Na kabla baiskeli ya kwanza ya umeme ya kukodi haijashushwa Kibondo, wawaite mafundi waliokodisha baiskeli pale sokoni kwa miaka mingi wawaeleze walivyofanya: rehani kiasi gani, ukaguzi wa namna gani, mtoto aishie wapi. Wengi wao bado wapo, na baadhi ya madaftari yao ya saa na majina bado yamehifadhiwa.